Maruni Sita

Alhamisi, 27 Februari

Mshauri amenipa kazi kama mtoto wa shule. Niandike kila siku, hata mstari mmoja, na juu yake niweke nambari kati ya moja na kumi, kuonyesha moyo unaendaje. Anaitwa Gahongayire, mama mpole mwenye miwani ya kamba na subira ya mtu anayechambua mchele. Amesema daftari hatalisoma, atatazama nambari tu. Nimempa saba, maana mtu wa saba hasumbuliwi kwa maswali.

Basi nijitambulishe kwa daftari. Naitwa Swafiya, nina miaka thelathini na tisa, ni mkataji wa nguo katika karakana aliyotuachia marehemu baba hapa Rwezamenyo. Kaka yangu Nasiri ndiye mwenye karakana sasa. Mimi nakata, wengine wanashona. Tangu Desemba nina ugonjwa ambao kwa jina lake refu la Kizungu siichoshi kalamu, daktari mwenyewe analifupisha: MS. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na wadudu, inatafuna ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Jicho la kulia liliingia ukungu wiki tatu, likarudi nusu. Vidole vya mkono wa kulia vina ganzi. Nikiinamisha shingo, kitu kama umeme kinashuka mgongoni mpaka visiginoni, na kazi yangu ni kuinamisha shingo kutwa nzima.

Wanaojua ni daktari, mshauri, na mwanamke mmoja ambaye mshauri anataka nikutane naye. Nasiri hajui. Akijua atanitoa kwenye meza ya kukatia, na mimi bila meza ile ni shangazi wa chumba cha uani anayekula futari ya watu. Afadhali ganzi.

Jumamosi, 1 Machi

Saba. Jua kali.

Ramadhani imeingia. Daktari alishanikataza kufunga mwaka huu: dawa za asubuhi na jioni zinataka chakula, mwili unataka maji, na mchana nilale walau nusu saa. Ruhusa ya mgonjwa naijua tangu madrasa, sihitaji shehe aje kunisomea. Ninachoogopa si dhambi, ni maswali. Mwanamke akila siku chache hakuna anayemwuliza. Akila mwezi mzima, mtaa wote utajua kabla ya kumi la kwanza kwisha.

Nimefunga.

Jumatatu, 3 Machi

Saba. Mvua kubwa tangu asubuhi.

Huu ndio msimu wetu wa mavuno. Waislamu wanataka nguo za Iddi, na Wakristo wanakimbiza harusi zao ziishe kabla ya wiki ya Aprili ya kuwaombolezea waliouawa katika mauaji ya kimbari, wakati ambapo hakuna anayeoa. Kanzu upande huu, mishanana, vazi la Kinyarwanda la sherehe, upande ule. Mwezi mmoja wa Machi unatulisha nusu mwaka, na kila kitambaa kinapitia mkononi mwangu.

Karakana ina sheria ya baba. Mkataji akimaliza, anafunga vipande pamoja na kuandika kadi: jina la mteja, rangi, idadi, na sahihi yake. Kadi ikishatiwa sahihi, furushi ni la mshonaji, na likiharibika ni lake. Baba alifanya hivyo ili mafundi wasisukumiane lawama. Imefaa miaka thelathini, kwa sababu katika miaka hiyo yote kadi haikuwahi kusema uongo.

Mafurushi ya leo mengi yamekwenda mashine ya tatu, ya Pretty. Ni binti wa Kimisagara, miaka ishirini na sita, anashona huku anasikiliza mahubiri kwenye simu. Mkono wake ni mzuri, sitamdhulumu. Lakini simpendi sana, ana tabia ya kutazama watu.

Jumatano, 5 Machi

Saba. Mvua. Nimelala baada ya futari na kiatu kimoja mguuni.

Ijumaa, 7 Machi

Saba.

Nimemwambia Nasiri naenda kutafuta vifungo, nikaenda Kicukiro kuonana na huyo mwanamke wa mshauri. Anaitwa Leah, Mkenya, anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Ana ugonjwa wangu mwaka wa tisa sasa. Nilitarajia mtu wa kuhurumiwa. Nimemkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mkongojo wake umepakwa rangi ya manjano kama ndizi mbivu, na shingoni amezungusha kitambaa kilicholowa maji baridi.

"Joto likipanda macho yanazima," akaniambia hata kabla ya salamu kwisha. "Hii ndiyo feni yangu. Wewe kazini uko karibu na pasi?"

"Iko nyuma yangu."

"Basi ihamishwe. Umewaambia?"

"Bado."

"Na leo umekunywa maji?"

"Nimefunga."

Akanitazama kidogo. "Mimi ni mtu wa kanisa, dini yako sitakufundisha. Lakini daktari alisemaje?"

Nikautazama mkongojo wake. Akacheka, si kwa ubaya. "Sikiza, Swafiya. Huu uchovu si wa kushindana nao. Ukingoja uchoke ndiyo upumzike, umechelewa. Mimi saa saba mchana nafunga mlango, nalala kwa mkeka chini ya meza dakika ishirini. Bosi anajua. Mwanzo walicheka, sahi wananibishia mlango saa saba na nusu wakiniletea chai."

Na jambo moja akalirudia mara mbili: macho yakibadilika yakakaa hivyo zaidi ya siku moja, nisingoje, niende hospitali. Nimeitikia. Anagawa ushauri kama peremende, na ana bahati ya kuwa na bosi. Mimi nina kaka.

Jumanne, 11 Machi

Saba. Mawingu.

Amekuja bibi harusi mtarajiwa, Kaze, na mama yake. Sherehe ya posa ni Jumamosi tarehe 22. Wasindikizaji sita, wote mishanana ya maruni: sketi, na shuka ile nyepesi ya kufunga begani. Mama yake amesema maneno yanayonikera: "Tumekuja hapa kwa ajili ya mkono wa dada Swafiya." Nasiri akanitazama kwa fahari. Nikatamani ardhi inimeze.

Jumatano, 12 Machi

Saba.

Mvua imepiga tangu saa nne, umeme ukakatika, karakana ikawa giza kama tumbo la mtungi. Nimekata furushi la Kaze. Rafuni kulikuwa na jora mbili za kitambaa kile chepesi, ya maruni na ya kahawia iliyobaki kwenye kazi ya kwaya moja. Nimekata sketi sita na shuka nne, jora ya maruni ikaniishia mkononi, nikavuta nyingine.

Hapa naandika ambacho sikumwambia mtu. Kwa jicho la kulia jora zote zina rangi ya chai ya jana. Kwa la kushoto, ambalo ni zima, leo pia nilikuwa natazama kama kupitia nailoni. Zamani nisingehitaji jicho, kidole kingeniambia: ya kahawia ina ukavu fulani. Nikapitisha kidole. Hakikusema kitu. Ningeweza kumwita yeyote mlangoni, nikamwuliza hii ni rangi gani. Ni maneno manne tu. Nikakata shuka mbili, nikaandika kadi: Kaze, maruni, sita. Nikatia sahihi.

Alhamisi, 13 Machi

Saba. Mvua. Nimevunja glasi.

Jumamosi, 15 Machi

Saba.

Pretty amekuja mezani kwangu ameshika shuka mbili.

"Dada Swafiya, mbabarira, samahani. Hii rangi iko moja kweli?"

Wengine walikuwa wanasikia. Nasiri alikuwa kwenye pasi, hatua tatu tu, simu sikioni.

"Kadi inasema nini?"

"Inasema maruni."

"Basi shona maruni."

Hakwenda. Alisimama pale ananitazama, kisha akageuza shuka upande wa mlangoni penye mwanga, taratibu, kama anayenionyesha. Nikamwambia kama amechoka kazi aseme. Akarudi mashineni, akavaa visikilizio vyake.

Kijeuri hiki. Ndivyo nilivyowaza mchana. Sasa ni jioni, nimekula, nimetulia, na siwazi tena hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Saba. Jicho la kushoto lina ukungu siku ya sita. Nikiligeuza linauma. Baada ya Iddi nitakwenda.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandike nambari gani.

Wasichana sita wa Kaze wamekuja kujaribu nguo saa nane. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka ghafla, lile la kuumiza macho. Mama yake akawapanga mlangoni kwa mstari. Mimi niliona wasichana sita na ukungu. Kisha nikasikia kimya. Karakana yenye mashine nne zinazokwenda haiwezi kunyamaza yenyewe.

"Hawa wawili wana nini?" akauliza mama.

Nasiri akatoka nyuma ya pasi. Hakupaza sauti, yeye hapazi sauti, ndiyo maana anatisha. Akashika shuka ya msichana wa tano, akashika ya wa sita. "Hii ni kahawia," akasema. Akaomba kadi. Pretty akampa.

Nasiri akasoma, akanigeukia. "Furushi hili umekata wewe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha, watu wote walikuwa wananingoja. Nikamtazama Pretty usoni, nikasema, "Kadi nimeandika maruni sita."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimeandika. Maruni. Sita. Kwa sheria ya baba, maana yake ni moja: furushi lilitoka kwangu zima, na shuka za kahawia zimeingizwa na mshonaji.

"Pretty?" akaita Nasiri.

Nilingoja anitaje. Aseme aliniuliza Jumamosi nami nikamfokea. Mafundi wawili walisikia, angewaita washuhudie. Pretty alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Yego, ndiyo, kaka Nasiri. Kadi inasema maruni." Basi.

Mama wa Kaze akaanza kusema maneno ambayo mteja akiyasema huwa amekwisha kuamua kumwambia kila mtu. Nasiri akamwomba radhi, akaahidi shuka mbili mpya kabla ya Ijumaa. Walipoondoka akamwambia Pretty aende nyumbani, msimu umekwisha kwake, na baada ya Iddi watazungumza kama kuna la kuzungumza. Pretty akafunika mashine kwa kitambaa chake, akachukua mkasi wake mdogo na mwavuli. Mlangoni akaaga, "Mwirirwe," kama siku zote, akashuka.

Mimi nikainama nikaendelea kukata. Umeme ulishuka mgongoni nikaufurahia, nilistahili.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mashine ya tatu imefunikwa. Nasiri mwenyewe anashona shuka za Kaze, na saumu yake, midomo imemkauka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Mama Gahongayire, ulisema hutasoma. Kama utasoma, soma hapa: saba zote za mwezi huu ni za uongo. Zilikuwa nne, zikawa tatu. Leo ni moja.

Nimeshindwa kutunga uzi. Nilijaribu mara tisa, nikajifanya natafuta kitu chini ya meza ili nilie. Mguu wa kulia sasa nauburura. Nikitazama mbele naona meza haipo, jicho halipo, na watu wananipisha njia kwa huruma. Leo nikivuka barabara kwenda msikitini nilijisikia nawaza kwamba ingekuwa nafuu kulala na kutoamka. Sikuwaza kufanya kitu. Lakini wazo lilikaa, halikupita kama yanavyopita mengine, na lilikuwa na utulivu ulioniogopesha kuliko maumivu yote.

Jumapili, 23 Machi

Mbili.

Jana Kaze ameposwa. Wasichana sita, maruni sita, watu wamesifu. Nasiri alipigiwa simu ya shukrani, akaja kuniambia, "Wanakusifu mkono." Nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Leo adhuhuri nimempigia Leah. Nilidhani atanipa peremende zake kwa simu. Akasema, "Uko wapi? Usitoke hapo," na baada ya saa moja nikasikia mkongojo uani. Amepanda kilima kuja huku Jumapili, siku yake ya pekee ya kupumzika. Akakaa kitandani pangu maana kiti nimekirundikia nguo, akapumua mpaka pumzi ikarudi, akaniuliza waziwazi, kama anayeuliza kama nina homa:

"Umewaza kujiumiza?"

"Nimewaza kutoamka."

"Mara ngapi?"

"Tangu Ijumaa. Mara nyingi."

"Asante kwa kuniambia." Akanishika mkono ule wa ganzi, akaufinya kwa nguvu mpaka nikausikia. "Mwaka wangu wa pili nilikuwa hapo hapo. Nikajiambia ni udhaifu, niombe zaidi. Kumbe ni sehemu ya huu ugonjwa, Swafiya. Inashika ubongo pia, si miguu peke yake. Sahi mimi nameza dawa ya mishipa na dawa ya huzuni, zote na chai ile ile. Sioni aibu. Aibu nilikuwa nayo ikanimaliza."

Akampigia Gahongayire nikiwa nasikia. Kesho saa tatu hospitali, jicho na moyo siku moja. Akanimiminia maji. Nikanywa saa tisa mchana wa Ramadhani, dirisha wazi, na jirani anatundika nguo. Nilidhani kitatokea kitu. Jirani akaendelea kutundika nguo.

Kisha nikamweleza habari ya Pretty. Yote, na jinsi nilivyomtazama usoni. Leah, ambaye hakosi ushauri, safari hii hakunipa. Akauliza tu, "Huyo msichana anaishi wapi?" Nikasema Kimisagara. Akatikisa kichwa, akaomba nimsaidie kusimama.

Jumatatu, 24 Machi

Nambari sijui.

Nimemkuta Nasiri peke yake saa moja asubuhi, anapasha pasi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingemaliza. Jina la ugonjwa, Desemba, jicho, vidole, mshauri, dawa. Shuka za kahawia mwisho.

Alikwenda kwenye sanduku la nyuzi, akarudi na rili mbili za uzi, akaziweka mezani.

"Hii ni rangi ipi?"

"Sijui."

"Na hii?"

"Nasiri, sijui."

Akazima pasi, akakaa kwenye kiti cha Pretty. Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma, au kwa "meza sasa basi". Alichosema ni, "Yule binti alikutazama. Nilimwona anakutazama, nikadhani ni jeuri."

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Hukudhani. Ulijua." Sauti yake ilitetemeka, na mimi kaka yangu sijamsikia hivyo tangu mazishi ya baba. "Ugonjwa umetoka kwa Mungu, sina neno nao. Lile la Jumanne limetoka kwako. Na mimi nimemfukuza mtoto wa watu katikati ya msimu kwa sheria ya baba."

Nikalia. Akaniacha nilie, akavaa koti. Ndipo akaniuliza Ijumaa ile nilikwenda wapi na vifungo vyangu ambavyo havikufika. Nikamwambia Kicukiro, kwa mgonjwa mwenzangu. Akasugua uso. "Nilidhani umepata karakana nyingine. Wiki mbili silali nawaza dada yangu ananikimbia." Akafunga milango miwili ya karakana, wiki ya mwisho kabla ya Iddi, wateja wakiwa barazani, akanipeleka hospitali.

Jumatano, 26 Machi

Nne. Mvua nyembamba.

Siku ya tatu ya dripu. Daktari amesema ningekuja siku ile ya kwanza jicho lisingefika hapa. Pia kwamba kufunga peke yake si mchawi, lakini kufunga na kutolala, na pasi mgongoni, na siri juu yake, mwili wowote ungegoma. Dawa hii inachangamsha kichwa vibaya, nimeonywa: nisiamini furaha wala hasira ya wiki hii. Gahongayire amekaa nami saa nzima. Amenianzishia vidonge vya huzuni, nitavinywa na chai. Nikamwomba radhi kwa zile saba. Akasema alijua, hakuna binadamu anayekaa saba siku ishirini mfululizo.

Jumamosi, 29 Machi

Tano. Leo umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, Nasiri amekwenda kuzibua mtaro na wenzake. Amerudi na tope magotini, akahamisha pasi mpaka mwisho wa karakana. Meza yangu ameisogeza dirishani. Ameipandisha kwa matofali manne, nisiinamishe shingo. Nikamwuliza kama bado ni yangu. "Utakata," akasema, "na rangi nitazisoma mimi, kwa sauti, kila mtu asikie. Kadi tutatia sahihi wote wawili." Amempigia Pretty mara tatu, hapokei.

Jumapili, 30 Machi. Iddi

Tano. Watu wamejaa, pilau, watoto na nguo mpya ambazo nusu yake nimekata mimi. Shangazi mmoja ameniuliza mbele ya watu kwa nini nilikuwa nakula Ramadhani. Nikamwambia. Akasema pole, akaniongezea nyama. Miezi minne nilikuwa naogopa hilo.

Alhamisi, 3 Aprili

Sita. Mvua imekatika saa nane.

Nimekwenda Kimisagara. Nasiri alitaka kunisindikiza, nikakataa, hili halikuwa lake. Jicho la kushoto limerudi kiasi cha kuona ngazi, lakini ngazi za kule zinashuka bondeni zikiwa na utelezi, na mguu wangu hauamini jiwe lililolowa. Nimeshuka kwa matako sehemu mbili, mzima na heshima zangu, wauza mkaa wakinitazama. Nilitumia karibu saa moja.

Pretty alikuwa anafua nje ya mlango. Akasimama, akapangusa mikono, akanipa kibao nikae. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikasema: nilikata mimi, nilikosea mimi, niliogopa, nikakuacha uondoke na kosa langu. Nikamweleza ugonjwa pia, haraka, usije ukawa ndio kisingizio.

"Nilijua jicho lako iko mgonjwa," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Uliomba uzi mwekundu, mi nikakosea nikakupa ya kahawia. Ukasema asante, ukaitumia. Nikasema, eh, huyu dada haoni. Nikawa nakuangalia, usije ukajikata."

Nikashika kibao nilichokalia.

"Ile Jumamosi nilikuletea shuka ili unielewe. Nilitaka uniambie polepole, tukate zingine, hakuna mtu angejua."

"Na Jumanne? Kwa nini hukusema mbele ya Nasiri?"

"Ningesema nini? Ugonjwa iko yako, haiko yangu kusema." Akakamua shati, akalitundika. "Lakini uliniangalia, dada. Kama hungeniangalia ningesema labda hakujua. Uliniangalia machoni, ndiyo ukasema ile maneno ya kadi. Hiyo ndiyo nililia."

Nikasema ni kweli. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, maana cha kwake kinaingia ndani zaidi. Nikamwambia Nasiri anamngoja, mashine haijaguswa na mtu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi. Wamama wa ushirika hapa juu wamenipa mashine, karibu na dirisha. Wananiuliza kitu, nikijibu wanasikiliza."

Nilitaka kumbembeleza. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu asubuhi. Nilipomtazama usoni nikayaacha. Amenipa chai, tumekunywa, ameniuliza dawa zinanifanyaje. Mawingu yalipoanza kurudi nikasimama niende.

Akatoka na mwavuli. Pale ngazi zinapoanza akatangulia kipandio kimoja, akanigeuzia bega. Nikaliwekea mkono. Tulipanda hivyo, tukisimama kila nilipochoka na kabla sijachoka, yeye akichagua mahali. Juu barabarani akanisimamishia pikipiki, akamwambia dereva aende polepole.

"Kesho sitakuja kule kwenu," akasema. "Na siku nyingine pia. Lakini wewe ukitaka kuja tena, piga simu kwanza, nikupokee hapa juu. Usishuke peke yako."

Nikamwambia sawa, nitapiga.